Mbwa wa Miguu Mitatu Akizorota: Jinsi ya Kumuuguza Nyumbani

Mbwa aliyekatwa mguu hupata nafuu leo, kesho akakukosesha usingizi. Wiki ya pili anarukaruka hadi getini kuwapokea watoto wanaotoka shule, siku mbili baadaye hataki hata kunyanyuka kunywa maji. Hapo ndipo wenye mbwa wengi wanapoanza kujuta: bora tungempiga sindano akapumzika. Mwongozo huu ni wa siku hizo mbaya. Upasuaji ni kazi ya daktari wa mifugo. Mimi nasema na wewe unayebaki naye nyumbani, iwe Sahare, Makorora au Pongwe hapa Tanga, usiku, umeme umekatika na mnyama analia.

Kabla ya hatua yoyote, shika kanuni moja. Mbwa akizorota ghafla, rudi siku mbili nyuma. Dawa gani imeisha? Nani alimfungulia mlango? Aliteleza wapi, alitembezwa kwa muda gani, alikula nini? Kuzorota kwingi hakuanzii kwenye kidonda. Kunaanzia kwenye jambo lililotokea juzi, na hakuna aliyelitilia maanani kwa sababu siku hiyo mbwa alionekana mzima. Mwili huchelewa kudai.

Hatua ya 1: Fungua daftari

Huwezi kurudi siku mbili nyuma kwa kichwa, hasa kama nyumba ina watu watano na kila mmoja anampa mbwa kitu kwa wakati wake. Chukua daftari la shule, litundike karibu na anapolala. Andika dawa na saa iliyotolewa, alichokula, haja ndogo na haja kubwa, dakika alizotembea, na kila anguko. Asubuhi piga picha ya mshono kwa simu, sehemu ileile, mwanga uleule. Jicho husahau wekundu wa jana, picha haisahau.

Jifunze na vipimo vitatu. Joto la mbwa mzima ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, kwa hiyo usishtuke ukimwona ana joto kukuzidi. Kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa kinatosha: kipake mafuta ya mgando, kiingize taratibu kwenye njia ya haja kubwa, na kuanzia hapo kiwe chake peke yake. Pumzi zihesabu akiwa usingizini. Zisizidi 30 kwa dakika. Fizi ziwe za waridi, na ukizibonyeza kwa kidole rangi irudi ndani ya sekunde 2. Mbwa wengine fizi ni nyeusi toka kuzaliwa. Huyo mtazame ndani ya kope la chini.

Hatua ya 2: Jua lipi haliwezi kungoja

Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo ukiona lolote kati ya haya:

- damu inadondoka bila kukoma, au mshono umeachia na nyama inaonekana ndani
- usaha, harufu mbaya, au wekundu unaotambaa kila siku
- joto limezidi nyuzi 39.5
- fizi nyeupe, au anahema kwa shida akiwa amelala
- anatapika mfululizo, au kinyesi ni cheusi kama lami wakati anatumia dawa za maumivu
- hajakojoa siku nzima
- miguu aliyosimamia jana, leo haimbebi

Namba ya daktari itafute sasa, kabla ya shida. Ofisi ya mifugo ya halmashauri ya jiji itakuelekeza, na Tanga ina bahati ya kuwa na chuo cha mifugo pale Buhuri, kwa hiyo wataalamu hawako mbali. Uliza mapema nani anashughulika na mbwa, maana mabwana mifugo wengi mazoea yao ni ng'ombe na mbuzi. Kesi nzito hupelekwa hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Zungumza pia na dereva wa bajaji unayemfahamu. Si kila dereva anakubali kupakia mbwa, na saa nne usiku si wakati wa kubembelezana barabarani. Bodaboda isahau kabisa.

Hatua ya 3: Wiki ya kwanza, usikisie dawa

Siku tatu hadi tano za mwanzo uvimbe na michubuko huongezeka kabla ya kupungua, na weusi hushuka kuelekea tumboni kwa sababu damu iliyovilia inafuata chini. Inatisha kuiona, lakini ni kawaida. Haja kubwa nayo huchelewa siku tatu hata tano, kwa sababu ya dawa ya usingizi, dawa kali za maumivu na kutokula. Mpe maji ya kutosha na kijiko kimoja au viwili vya boga lililochemshwa bila chumvi. Asipopata choo siku ya sita, au akijikamua bila kutoa kitu, piga simu.

Akikataa chakula, pasha moto kidogo. Harufu ndiyo inayomwita. Supu ya kichwa cha samaki iliyochujwa vizuri juu ya ugali laini hushinda mbwa wengi. Dagaa wa chumvi wachemshe, mwaga maji, chemsha tena. Usitie vitunguu maji wala vitunguu saumu, ni sumu kwake, na mifupa iliyopikwa iache kabisa, maana humfunga choo na hupasuka ikawa na ncha kali.

Usiku wa kilio ndio unaowashinda watu. Mbwa anahema kwa kasi ingawa hakuna joto, anazunguka, anakataa kulala, anatetemeka, masikio yamelala nyuma, ukimgusa ananguruma. Hayo ni maumivu, au ni dawa kali inayomchanganya, na vyote viwili dawa yake ni simu kwa daktari, abadilishe kipimo. Kishawishi kinachokujia saa hiyo ni kabati la dawa za nyumbani. Lifunge. Diklofenaki na ibuprofeni, tunazonunua kama pipi, hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake. Parasetamoli usimpe kwa kukadiria. Kama ameandikiwa meloksikamu, dawa ya maumivu na uvimbe, usimchanganyie na dawa nyingine ya aina hiyo. Na akija mtu mwingine kumchoma sindano, mwambie wazi mbwa anatumia nini, kwa sababu dawa za steroidi kama deksamethasoni au prednisoloni juu ya meloksikamu huweza kusababisha vidonda vya tumbo vinavyovuja damu. Hapa ndipo daftari linapolipa gharama yake.

Mbwa mwenye maumivu huuma hata anayempenda. Watoto wakae mbali wakati wa kumhudumia. Mtu akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali hata kama mbwa amechanjwa kichaa.

Hatua ya 4: Mshono, maji chini ya ngozi, na nzi

Mara nyingi daktari huondoa mguu wote, wa mbele pamoja na bapa la bega, wa nyuma kwenye paja au nyonga, ili pasibaki kigutu cha kugongagonga chini. Kwa hiyo mshono ni mrefu kuliko ulivyotarajia. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14.

Katikati ya muda huo unaweza kukuta kifuko laini kimening'inia chini ya mshono, ukikibonyeza kinacheza kama mfuko wa maji. Kama hakina moto, hakimuumi na mbwa anakula, ni majimaji yaliyojikusanya mahali ambapo nyama imeondolewa. Mwili huyanyonya wenyewe kwa wiki mbili au tatu. Kitambaa cha maji ya vuguvugu dakika 10, mara mbili kwa siku, husaidia, lakini kuanzia siku ya nne. Kabla ya hapo tumia baridi. Usitoboe. Kila mtaa una fundi wa kutoboa kwa sindano, na ndiye anayegeuza kifuko cha maji safi kuwa jipu. Kikiongezeka haraka, kikipata moto au kikianza kuvuja, daktari aamue.

Kusafisha si kila saa. Chemsha maji, yaache yapoe, changanya kijiko cha chai kimoja cha chumvi kwa nusu lita, futa pembeni mwa mshono penye uchafu, kausha. Spiriti, dawa za kuoshea sakafu, majivu, mafuta ya taa: hapana. Kuoga hapana mpaka nyuzi zitoke na ngozi ifunge.

Kulamba ndiko kunakofungua mishono. Kama huna kola ya kukinga, kata kitako cha ndoo ndogo ya plastiki, zungushia kitambaa kwenye ukingo, mvishe shingoni, hakikisha anaweza kunywa. Fulana ya mitumba ya mtoto nayo hufaa kwa mshono wa bega: mguu uliopo upite kwenye mkono wa fulana, nyuma ukaze kwa fundo. Ibadilishe kila ikilowa.

Fulana ina faida ya pili huku kwetu: nzi. Kwa joto na unyevu wa pwani, jeraha linalotoa maji likiachwa wazi barazani mchana kutwa hupata mayai ya nzi kabla ya jioni, na funza wakishaingia chini ya ngozi unaona tundu dogo tu, huku ndani nyama inaliwa. Mbwa huanza kulamba sehemu moja kwa fujo na hutoa harufu tamu iliyooza. Alale ndani au chini ya chandarua. Ukiona hata funza mmoja, ni safari ya kwa daktari, si dawa ya kupuliza ya mende.

Hatua ya 5: Wiki ya pili na ya tatu, kaza kamba

Huu ndio wakati wa hatari, na ajabu yake ni kwamba mbwa anaonekana amepona. Maumivu yamepungua, ameshajua kuruka kwa miguu mitatu, anataka kumfukuza paka. Dawa inaisha siku hizohizo. Watu wa nyumbani wanachoka kumwangalia. Anaruka kutoka barazani, anateleza, anatua kwa kifua; kesho yake hali kitu, keshokutwa mnasema kidonda kimeharibika. Kidonda hakina kosa. Nyama za bega na mgongo zimebeba mzigo ambao hazijawahi kubeba.

Miguu ya mbele hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wa mbwa. Aliyekatwa wa mbele kwa hiyo hujifunza kwa taabu zaidi, hasa kushuka ngazi, na huchakaza kifundo cha mguu mmoja uliobaki. Aliyekatwa wa nyuma hushindwa kupanda na kujisaidia. Dume aliyezoea kuinua mguu ataanguka mara kadhaa mpaka agundue kuchuchumaa. Mwache agundue.

Sakafu ishughulikie kwanza. Nyumba zetu ni niru au vigae, na mbwa wa miguu mitatu juu ya niru iliyopigwa deki ni ajali inayosubiri saa. Mkeka wa ukindu haufai, unateleza pamoja naye. Tafuta mazulia ya mpira ya mlangoni, au zulia la katani. Tanga hatuwezi kukosa katani. Lipange njia nzima kutoka anapolala hadi kwenye maji na hadi mlango wa kutokea. Chini yake bandika vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli ili lisisogee. Ila asilale juu ya katani, inakwangua mshono. Godoro la zamani lililovikwa nailoni na shuka linatosha. Ngazi ya baraza iwekee ubao mpana uliogongomelewa gunia. Kucha zikatwe, na nywele zinazofunika nyayo zipunguzwe.

Kumsaidia kutembea, kunja khanga kuukuu mara kadhaa ipate upana wa kiganja. Aliyekatwa wa nyuma, ipitishe chini ya tumbo mbele ya paja, na kwa dume usizibe anapokojolea. Aliyekatwa wa mbele, ipitishe chini ya kifua nyuma ya mguu uliobaki. Shika kwa ulegevu. Kazi yako ni kumdaka akianguka. Ukimnyanyua muda wote hatajifunza mizani. Akianguka, nyamaza. Kelele za “masikini!” humtia woga zaidi ya anguko. Hesabu pumzi mbili tatu, mara nyingi anainuka mwenyewe.

Hapa niseme jambo ambalo wenye mbwa wa Tanga wanalijua. Katika nyumba na mitaa yetu, mbwa ni najisi kwa mafunzo ya madhehebu ya Shafii, na unyevu ndio unaoihamisha najisi hiyo kwa anayemgusa, na si kila mwenye moyo mwema anaweza kumgusa halafu akawahi alasiri. Usimkasirikie jirani au msaidizi wa nyumbani kwa hilo. Tenga khanga yake, bakuli lake na taulo lake, weka glavu mlangoni, na panga mapema nani anamshika na nani anapika, anaandika daftari au anakwenda duka la dawa. Jirani yangu mmoja mzee hakuwahi kumgusa mbwa wa nyumba ya pili, lakini ndiye aliyekuwa akipiga hodi saa kumi na mbili kasoro kukumbusha dawa.

Matembezi ya wiki mbili za kwanza ni ya kwenda kujisaidia tu. Nyuzi zikishatoka, anza dakika 5 mara tatu au nne kwa siku, na ongeza dakika chache kila wiki. Safari fupi nyingi ni bora kuliko moja ndefu. Kipimo ni anavyorudi: akifika nyumbani akasimama na kunywa maji, sawa, akijitupa chini njiani, mlipitiliza, na kesho ni nusu ya leo. Akizorota, mpumzishe siku mbili, rudi kwenye umbali wa wiki iliyopita, mwambie daktari kama dawa ya maumivu ilikatika siku hizohizo. Wengi hunyanyuka.

Hatua ya 6: Chunguza miguu iliyobaki

Macho yote yako kwenye mshono, na tatizo liko kwenye kidole cha mguu mzima. Kila jioni pitisha vidole kati ya nyayo: mwiba, tekenya, kidonda cha lami ya moto, ukucha uliopasuka. Mbwa wa miguu minne huficha tatizo dogo kwa kuegemea mguu mwingine. Huyu hana wa ziada, kwa hiyo mwiba mmoja unamlaza chini.

Na kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa yuko Tanga mwaka mzima, na magonjwa anayoleta hujitokeza pale mwili umechoka kwa upasuaji. Mbwa ana homa, fizi zinapauka, damu inatoka puani au madoa mekundu yanaonekana tumboni, hana nguvu, na mshono wenyewe uko safi kabisa. Wengi hudhani amekata tamaa kwa kukosa mguu. Omba apimwe damu. Kama unaishi upande wa Pangani au umempitisha maeneo ya Saadani, ambako mbung'o wapo, taja hilo kwa daktari, hasa macho yakipata ukungu wa buluu. Nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, huwapata mbwa pia, na Tanga kuna kituo cha siku nyingi cha utafiti wa mbung'o, kwa hiyo si ugonjwa wa kigeni hapa.

Kama mguu ulikatwa kwa saratani ya mfupa, kikohozi kipya au kuchechemea mguu mwingine miezi kadhaa baadaye kusingojee daftari. Aende akapigwe picha ya kifua.

Hatua ya 7: Anapopiga ukelele bila kuguswa

Amelala, ghafla anaruka, anapiga ukelele, anageuka kutazama mahali mguu ulipokuwa, ngozi ya pale inatetemeka. Wengine watakuambia ni mashetani. Ni mishipa ya fahamu iliyokatwa inayoendelea kutuma habari za mguu usiokuwepo. Huja wiki za mwanzo, wakati mwingine baadaye. Mrekodi kwa video, maana kwa daktari hatafanya. Meloksikamu peke yake mara nyingi haifiki huko. Madaktari hutumia gabapentini, na haikatwi ghafla, hupunguzwa kidogokidogo. Ukipewa ya maji iliyotengenezwa kwa binadamu, soma karatasi yake: ikiwa na zailitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, rudisha, ni sumu kwa mbwa.

Kumsugua taratibu mgongo na bega la upande uliobaki dakika chache jioni husaidia sana, kwa sababu nyama hizo hukaza kama kamba ya jahazi. Akiondoa mwili, acha.

Hatua ya 8: Kutoka tena mtaani na pwani

Kuruka kwa miguu mitatu kunamchosha na kumpandisha joto upesi. Miezi ya kaskazi, hasa Januari hadi Machi, mtoe alfajiri au baada ya magharibi. Weka kiganja juu ya lami. Usipoweza kuvumilia sekunde 7, hata yeye hawezi. Usimwongeze uzito kwa huruma: mbavu zake uzisikie kwa vidole bila kubonyeza. Kwa kuwa anatembea kidogo, apungukiwe ugali kidogo.

Bahari ni dawa nzuri ya misuli, lakini baada ya daktari kuona ngozi imefunga kabisa. Anza maji yakikupwa, kwenye mchanga mgumu uliolowa, mfano upande wa Raskazone, si mchanga laini mkavu unaomzamisha. Majini aanze kwa kina cha kifua, wewe ukishika khanga, dakika mbili tatu, bila mawimbi. Beba maji baridi ya kunywa, kwani akinywa ya chumvi ataharisha na utarudi kwenye daftari kutafuta sababu. Epuka penye mawe ya matumbawe. Mkifika nyumbani msuuze kwa maji yasiyo na chumvi na mkaushe, hasa kwenye kovu.

Barabarani awe kwenye kamba siku zote, hata kama zamani alizurura Ngamiani peke yake. Anaweza kukimbia mbele, lakini hawezi tena kukwepa ghafla upande usio na mguu, na baiskeli na bodaboda za Tanga hazipigi kengele mara mbili. Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni: aliyekatwa wa mbele akivutwa shingo anaangukia kidevu. Mkanda wa mtindo wa kawaida utampwaya upande mmoja. Mpelekee fundi viatu au fundi mahema akupunguzie, na mwambie aweke kishikio juu ya mgongo.